Bakuli la Viazi Mlangoni kwa Mwalimu Brekke

Desemba 19

Dada yangu Twyla,

Shikamoo. Natumaini goti lako limeelewana na baridi ya Duluth, na kwamba shemeji Verlyn ameacha kupanda juu ya paa kukwangua theluji kama kijana. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Curt anakohoa kidogo, lakini sahani anaisafisha, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Najua unachotaka kusikia kwanza. Ndiyo, ningali chuoni. Mwezi wa tisa kule ziwani ulinicheka mbele ya watu wote, ukasema eti mtu mzima mwenye miaka hamsini na mmoja anakwenda darasa la kufundishwa kuwa mwanafunzi, na muhula ujao atafundishwa kupumua. Nilicheka nawe, lakini moyoni nilichomwa, maana na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Ila somo lile ni lazima kwa kila anayeanza, kwa kuwa wengi huacha chuo kabla theluji haijaanguka. Mwalimu wetu, Bi. Vang, ni binti wa rika la mwanangu. Anatufundisha namna ya kugawa wiki, namna ya kusoma na nani wa kumuuliza. Wiki ya kwanza nilikaa nyuma kabisa, nimekunja mikono, uso kama wa shangazi Bernice akionjeshwa chumvi.

Kisha ukaja mtihani wa biolojia. Unajua uuguzi ndio nilioutamani tangu duka letu lilipofungwa, na bila biolojia hakuna uuguzi. Nilipata alama ambazo hata Curt hakuzifanyia mzaha. Nikaamua kuacha chuo bila kumwambia mtu. Lakini Bi. Vang alikuwa ametupa kazi: kila mtu, kabla ya Ijumaa, akabishe hodi ofisini kwa mwalimu wake mmoja akiwa na swali moja. Nikasema nitaifanya hiyo ya mwisho, kisha niondoke na amani yangu.

Sasa dada, wewe unajua tulivyolelewa. Sisi ofisi ya mwalimu tuliijua siku kaka yetu Dale alipovunja kioo, basi. Mama alituusia tusisumbue watu, na kahawa yenyewe mtu mpaka akukaribishe mara tatu ndipo ukubali. Kwenda kwa mtu mikono mitupu ndiyo aibu isiyosemeka. Kwa hiyo nikapika. Nikaoka bakuli letu lile la nyama ya kusaga na uyoga, viazi nikavipanga juu, nikalifunika kwa foili na kulibeba mpaka chuoni.

Mwalimu Brekke wa biolojia alipofungua mlango na kuona foili, alivua miwani. Akaniambia kwa sauti ya chini, pole sana mama, kafa nani? Maana bakuli kama lile, likiwa limebebwa na mwanamke aliyenyong'onyea, huku kwetu ni la matanga. Nikamjibu kwamba ni mimi, mwalimu, nimefia kwenye mtihani wako. Alicheka mpaka akashika meza.

Akatoa uma mbili kwenye droo, tukala. Akaniambia yeye hukaa pale kila Jumanne na Alhamisi akingoja wanafunzi, na hawaji. Amesoma magazeti mpaka matangazo ya matrekta. Akaniuliza nasomaje. Nikamwambia ninanakili kitabu chote. Akasema, basi kitabu kimeshafaulu, bado wewe. Akaniagiza nifunge kitabu, nimweleze mtu kwa mdomo wangu. Bi. Vang alikuwa ametuambia maneno hayo hayo, mimi nikiwa nimekunja mikono.

Mtu mwenyewe akawa Curt. Akijilaza kwenye kochi kutazama hoki, mimi namminya mfupa mmoja mmoja nikiutaja. Mwanzoni alilalamika. Sasa hakamatiki, Jumapili nimemkuta kanisani akimweleza mchungaji kwamba kuzoa theluji kumemuumiza mfupa wa mtulinga. Jana matokeo ya mwisho yametoka, Twyla. Nimefaulu, na Januari naendelea. Nililia ndani ya gari kwa furaha, nikajipangusa kwa glovu.

Kuna jambo moja nimelibakiza. Siku ile, kabla sijabisha, nilisimama pale nje mpaka bakuli likaanza kupoa. Niligeuka mara mbili. Ndipo nikakukumbuka wewe. Ulituambia uliacha chuo hiki hiki kwa sababu masomo yalikuwa yanakuletea usingizi na kahawa yao ilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Miaka yote hii nami nimeisimulia hadithi hiyo, watu wakacheka. Lakini aliyechoshwa na shule hajifungii chumbani siku mbili, akamwambia mdogo wake kwamba macho yamevimba kwa mafua. Nadhani ulishindwa mtihani mmoja, ukasimama mlangoni kama mimi, na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba mlango ule umewekwa ubishwe. Kama nimekosea, nisamehe. Kama nimepatia, usinijibu kitu, nakupenda vilevile.

Ulitaka kuwa mwalimu. Mpaka leo watoto wa jirani wanajifunzia kusoma jikoni kwako. Huko Duluth nako kuna chuo, na somo kama la Bi. Vang linaanza Januari. Nimeshawapigia simu kuuliza. Nimemwambia Bi. Vang kwamba dada yangu ni mkali na atacheka kila kitu. Akasema wa namna hiyo ndio hawaachi.

Msalimie shemeji, mwambie ashuke kwenye paa. Curt anakusalimu, yeye na mifupa yake yote. Wiki ya kwanza ya Januari nitakuja kwa gari, barabara zikiruhusu. Bakuli nitalibeba mimi. Kazi yako wewe ni kubisha hodi.

Mdogo wako akupendaye,
Renae