Siku Niliyosema Nina Homa

Nkoaranga, Meru

Dada Asteria,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na huko Songea mmeshavuna mahindi? Huku baridi ya mlimani inaingia hadi mifupani, ila mwili ni mzima. Barua hii isome peke yako kwanza. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijamaliza.

Corona ilipoingia, unajua nilikuwa mpishi wa kambi za watalii. Wageni wakakoma kuja, tajiri akatuambia tukapumzike wiki mbili. Wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Nikabaki chumbani kwangu Sekei, pale Arusha, sina wa kumpikia. Usingizi ukanikimbia, moyo ukawa unaenda mbio hata nikiwa nimekaa tu. Nikampigia kaka Benedikti, nikamweleza. Akanijibu, "Mwanaume gani wewe? Wenzako wanakufa, wewe unalilia usingizi!" Sikumwambia mtu tena. Nikaanza gongo, kikombe kimoja cha kuniletea usingizi. Baadaye ikawa ndiyo chai yangu ya asubuhi.

Ndipo baba akashikwa na kile walichokiita changamoto ya upumuaji, nanyi mkanikatia tiketi ya basi nije huko. Dada, homa sikuwa nayo. Sikuwa na kikohozi chochote. Nilifika stendi na begi langu, mikono ikitetemeka, nikaona siwezi kumtazama baba nikiwa vile. Nikaenda kunywa kidogo ili nitulie. Nilipotoka, basi lilikuwa limeshaondoka. Nikakupigia, nikajikohoza, nikasema nina homa, nisije nikawaletea ugonjwa. Ukanijibu, "Mungu akubariki, mdogo wangu, kwa kutujali." Siku ya tatu baba akafariki.

Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba aliniulizia mpaka mwisho, na kwamba padri alinitaja makaburini kama mfano wa upendo. Kila mama anapowaambia majirani, "Fidelis alijinyima kumzika baba yake ili sisi tupone," ni kama ananilisha shubiri. Na sikufichi, nina hasira nanyi pia. Hakuna aliyeuliza kwa nini mgonjwa huyo ulimi ulikuwa mzito. Mlitaka kuamini.

Mwaka jana mama mwenye nyumba, mjane wa Kimeru, alinikuta nimeanguka bafuni, natetemeka mwili mzima. Hakunifukuza. Alinileta hospitali huku kwao. Daktari akaniuliza, "Umewahi kutaka kufa?" Nikasema ndiyo. Hakushtuka. Akasema, "Basi tuanzie hapo."

Huu ni mwezi wa saba sijaonja. Nachuma kahawa kwa kaka yake yule mama. Kuna siku kiu inanibana hadi natokwa machozi katikati ya mibuni. Sijapona, dada. Nina nafuu tu.

Jumapili baada ya misa nitampigia mama. Usimwambie mapema, ila uwe umekaa naye. Nataka ausikie ukweli huu kinywani mwangu mwenyewe, na kama ni kunilaani, anilaani nikimsikia.

Msalimie shemeji na watoto, na shangazi Kolastika aliyenilea. Kaka Benedikti mfikishie salamu wewe. Mimi kumsalimia bado sijaweza.

Mdogo wako niliyekudanganya,
Fidelis