Jina Langu Kule Endarasha

Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu umekalia hapa kwetu Gatitu tangu asubuhi na nguo zangu hazijakauka, leo siku ya tatu. Lakini nina furaha, na naiandika kabla haijapoa.

Mnaosoma hapa mnajua nina skizofrenia. Dawa nameza kila siku na sauti ninazosikia kichwani zimepungua, ila hazijahama. Tangu Januari pia naonana na mwanasaikolojia kila wiki mbili. Hanyamazishi sauti. Ananifundisha kuzihoji: umejuaje, nani amekwambia, hakuna maelezo mengine?

Mwezi uliopita ndugu yangu Kariuki, anayeishi Endarasha, alipata binti wa tatu. Kwetu majina ya watoto hayachaguliwi, yana foleni. Binti wake wa kwanza alichukua jina la mama yetu, wa pili la mama mkwe wake. Wa tatu ni zamu ya dada mkubwa wa baba.

Yaani mimi.

Sauti zikaanza siku hiyo hiyo. Watakuruka. Nani ataita mtoto jina la mwendawazimu? Nikaziamini kabisa. Sikupiga simu, sikwenda kumwona mtoto. Nikawanunia watu ambao hawajanikosea.

Alhamisi nilimwonyesha mwanasaikolojia daftari langu la kuzihoji sauti. Upande wa ushahidi niliandika kwamba hakuna aliyenipigia kuniambia jina. Akasoma, akauliza, "Na wewe umemuuliza nani?"

Hakuna. Mwezi mzima nilikuwa nawajibia mimi mwenyewe.

Zoezi likawa moja: niende, niulize, nisikie jibu kwa masikio yangu. Kabla ya kutoka jana niliandika kwamba nina hakika asilimia tisini wamempa jina lingine. Nikabeba uji wa mzazi kwenye thamosi, nikaenda hadi mlangoni kwao.

Mke wa Kariuki tunamwita Mama Wairimu, kwa jina la kifungua mimba wake. Nilimuuliza hata kabla sijakaa. Akanikazia macho.

"Ati jina? Kwani angeitwa nani ingine? Tulikuwa tunangoja ukuje umshike. Mimi nilidhani ni wewe umekataa jina yako ipewe mtoto."

Akaleta kitabu cha kliniki. Nyawira, jina langu, kwa wino, tangu siku aliyozaliwa. Sauti moja ikaniambia watalifuta. Nikaiuliza kimoyomoyo, wino huu utafutwa na nini? Ikanung'unika kidogo, ikaniacha.

Nililia, sitaficha. Niliona aibu pia, maana nilikuwa nimemuumiza mtu aliyetoka kujifungua. Nikamwomba msamaha. Akaniwekea mtoto mikononi, akaenda zake kupika chai.

Ni mzito kuliko nilivyodhani, na ana pua ya Kariuki, maskini.

Siku moja huyu Nyawira mdogo atauliza shangazi aliyempa jina ni mtu wa aina gani. Najua kuna jibu ambalo watu watamnong'onezea. Nataka awe ameshalisikia langu.