Cheti Kina Jina la Kaka, Sukari ni Yangu

Mpendwa Bi Nadira,

Naomba msaada wako, na kabla sijaomba niruhusu nijisifu kidogo, maana shida yangu bila kujisifu haieleweki. Mimi ni fundi wa viatu hapa Gatongora, Ruiru, nina miaka arobaini na saba, mke mmoja na watoto wanne, na nina ugonjwa wa sukari tangu mwaka wa tisini na mbili, na tangu mwaka huo mpaka leo tisini na saba sijaruka kliniki hata mara moja, mvua inyeshe, kazi ijae, kuwe na matanga, mimi kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi niko kwenye benchi kule Thika kabla mlango haujafunguliwa.

Ilianza na kidonda cha kidole cha mguu, mimi ninayewatengenezea watu viatu visiwaume nikawa nimeumwa na changu mwenyewe, kidonda kikakataa kupona, na maji nilikuwa nakunywa mpaka mke wangu akaniuliza kama ndani nina bomba lililopasuka. Kaka yangu mkubwa, Nicanor, ambaye anakaa Kamenu na anafanya kazi ya kutia rangi nguo katika kiwanda kimoja hapo Thika, akasema kiwandani kwao kuna zahanati ya wafanyakazi na muuguzi mmoja anaitwa Sista Waithira anajua mambo ya sukari kuliko madaktari, lakini zahanati ni ya wafanyakazi peke yao. Basi akatoa kadi yake mfukoni akanipa. Akaniambia, "Enda nayo. Haina picha, ni jina tu na namba. Mimi sijawahi kuumwa hata kichwa, hiyo kadi itaoza bure." Zahanati yenyewe iko nje ya geti na kaka hufanya kazi usiku, kwa hivyo hakuna mtu wa mchana anayemjua sura, mimi nikavaa ovaroli yake ya zamani nikaenda, nikaandikwa Nicanor, na Bi Nadira, nimekuwa Nicanor miaka mitano.

Sasa hapo ndipo sifa zangu zinaanzia. Vidonge nameza asubuhi na jioni bila kukosa, sukari kwenye chai niliacha siku hiyo hiyo, soda sijui tena ladha yake, ugali nakula wa kipimo na sukuma wiki nyingi, na kutoka nyumbani mpaka kibanda changu cha kazi natembea kwa miguu. Pale kliniki mkojo huwa unachemshwa na dawa ya buluu, ukibaki buluu uko sawa, ukigeuka kijani umeanza kuteleza, ukifika rangi ya tofali unakaa kando na Sista anakuja kukuuliza ulikula nini. Wangu unabaki buluu. Wazee waliokaa na mimi kwenye benchi wananiuliza mimi kabla ya kumuuliza Sista. Nimewafundisha kukagua nyayo zao kwa kioo, na wawili nimewashonea viatu vipana vya kuwafaa, na Sista Waithira siku moja akaniinua mbele ya watu wote akasema, "Mnaona huyu? Hii ndiyo kitu nawaambianga kila siku. Nicanor, hebu geuka wakuone mzuri. Huyu hata nikienda likizo yeye anaeza kuwafunza!" Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyenunua shamba.

Mwezi wa nane wakubwa wa kiwanda walikuja zahanati, kukawa na keki ambayo sisi wa sukari tuliiangalia tu, nikapewa cheti cha mgonjwa bora wa mwaka, karatasi nzito yenye muhuri, na jina lililoandikwa ni la Nicanor. Nilimpelekea kaka acheke, akacheka kweli, halafu akakitia kwenye fremu akakitundika sebuleni kwake Kamenu. Nilipomwomba anirudishie alinijibu, "Kwani kina jina la nani?" Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa chini ya cheti changu anakula andazi la nne na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na mgeni wake anampongeza kwa kujitunza, na yeye anaitikia, "Ni kujikaza tu, ndugu yangu." Bi Nadira, niliondoka bila kuaga.

Tena mwezi uliopita Sista alinipa barua nikapimwe macho kwa daktari wa macho, kwa sababu sukari huingia machoni polepole, na nilipofika wakataka kitambulisho, jina la barua likawa lingine na la kitambulisho lingine, wakanirudisha. Nikamwomba Sista anipe faili yangu ninakili vipimo vyangu vya miaka mitano, akasema faili haitoki nje ya zahanati mpaka daktari wa kiwanda akubali, na mimi nikaogopa kusukuma kwa sababu ukutani kuna tangazo kwamba mfanyakazi akipatikana amempa mtu mwingine kadi anafutwa kazi. Na sasa hivi kaka ananiambia faili yenyewe haiko, kiwanda kimeituma hospitali kubwa alikokwenda mwenyewe bila kupitia zahanati, kwa sababu ana henia na atapasuliwa Jumatano tarehe ishirini na sita, kwa hivyo hata nikitaka kuiona itabidi ningoje arudi.

Swali langu ni hili, nitapataje rekodi zangu na cheti changu kwa jina langu bila kumharibia kaka kazi? Nimefanya kazi ngumu, dada, wacha nisiwe mwongo, nataka watu wajue ni mimi.

Ni mimi,
Mwenye Sukari Asiye na Faili, Gatongora.

BI NADIRA ANAJIBU

Fundi, nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nilipokuwa nikisoma barua yako, na nilipofika mwisho wa ukurasa wa tatu nikakiweka mezani. Kuna watu tisa waliotangulia kuniandikia na nimewaweka kando wote. Watanisamehe.

Umejaza ukurasa mzima kwa habari za cheti, na upasuaji wa ndugu yako umeuwekea sentensi moja, tena ukaulalamikia kwamba unakuchelewesha kuona faili. Hebu fikiri faili hiyo imebeba nini kule ilikokwenda. Imebeba miaka mitano ya sukari yako, vidonge vyako, kipimo chako cha asubuhi na cha jioni, na juu yake jina la Nicanor. Siku ya kupasuliwa Nicanor hatakula tangu asubuhi. Atakuja muuguzi wa wodi, mtu mwema anayefanya kazi yake, ataifungua faili, aone huyu ni mgonjwa wa sukari, ampe dawa ya sukari. Na Nicanor, ambaye hajawahi kulazwa, atameza chochote atakachopewa na mtu aliyevaa nguo nyeupe. Wewe unajua mtu akimeza vidonge hivyo bila kula anavyotetemeka na kutokwa jasho. Wewe ukitetemeka unaita mkeo. Mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi anamwita nani?

Pengine watampima damu kwanza na kugundua kuna kitu hakiendi. Pengine. Mimi singelala kwa hilo neno pengine, na wewe usilale.

Ngoja nikupe kilicho chako kabla sijaendelea kukugombeza. Pokea heko, fundi, na nasema kwa moyo wote. Nina miaka kumi na moja kwenye kiti hiki na wanaoniandikia kuhusu sukari karibu wote wananiuliza mti gani wachemshe ili waache kliniki. Wewe hukutafuta mti. Uliamka, ukaenda, ukapimwa, ukarudi mwezi uliofuata. Miguu ya wale wazee wawili wenye viatu vipana ni sifa yako, na hiyo haina haja ya fremu. Nimekuonea fahari kama ungekuwa mdogo wangu wa damu.

Lakini umejitunza vizuri ndani ya jina la mtu mwingine, na hilo ni kosa lako na la kaka yako kwa pamoja, hata kama lilianza kwa upendo. Nicanor alikupa kadi kwa sababu hakutaka ufe. Usisahau hilo unapomkasirikia juu ya mandazi. Na wewe pia uko hatarini, kwa taarifa yako. Ukianguka kesho pale kibandani na kupelekwa hospitali yoyote, kitambulisho kitatoka mfukoni na hakuna karatasi hata moja nchini itakayosema mtu huyu ana sukari.

Sasa nisikilize. Gazeti hili linatoka Jumamosi. Leo hii unakwenda Kamenu. Usiingie ukianza na habari ya cheti, utaharibu kila kitu, kiangalie ukutani ukipite. Mwambie kaka yako niliyokuandikia, msomee mwenyewe. Akicheka, msomee tena. Jumatatu asubuhi mnakwenda nyote wawili kwa Sista Waithira, si kwa meneja wala ofisini, kwa Sista, maana yeye ndiye mwenye mkono katika kila ukurasa wa faili hiyo. Aone ndugu wawili wamesimama mbele yake na vitambulisho viwili. Mwombe apige simu kule hospitali mkiwa mmekaa hapo hapo, msitoke mpaka amezungumza na mtu wa wodi. Halafu siku hiyo hiyo Nicanor aende hospitali mwenyewe, apimwe damu, waandike kwa wino juu ya faili kwamba hana sukari. Asiridhike na kuambiwa "sawa, tumesikia". Aone imeandikwa.

Kuhusu kazi yake, sikudanganyi. Anaweza kupewa barua ya onyo, na anaweza kufutwa. Kama kuna mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aende naye. Mtu aliyejitokeza mwenyewe huwa anasikilizwa kuliko aliyekamatwa, lakini hakuna anayeweza kukuahidi. Ninachojua ni kwamba mtu akifutwa kazi anaweza kutafuta nyingine.

Rekodi zako utazipata faili ikirudi, wala usiziombe kama mtu anayeiba siri. Makaratasi ni ya zahanati, lakini sukari iliyoandikwa humo ilitoka mwilini mwako. Mwombe Sista na daktari wa kiwanda wakuandikie muhtasari wa vipimo na dawa, kwa jina lako, wapige muhuri. Wakisema hawawezi, kaa chini na daftari la shule, Sista akusomee tarehe na namba, uandike mwenyewe. Kisha ufungue faili yako katika hospitali ya serikali, foleni utaizoea, wewe ni mtu wa kuwahi benchi. Daftari hilo likae nawe, na kila unakopimwa liandikwe. Barua ya macho uiombe upya kwa jina lako mwezi huu huu.

Cheti kisubiri. Nicanor akitoka hospitali mzima, mtatafutana huko sebuleni na nitakuombea wewe nusu ya fremu.

Najua kinachokuzuia si kazi ya kaka peke yake. Unaogopa Sista Waithira atakuona mwongo, yule aliyekuinua mbele ya watu. Huenda akakasirika, ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize. Akinyamaza, mwambie jina lako lote, halafu mwambie hili, taratibu, kabla hujaomba msamaha: "Kaka yangu hana sukari, Sista. Mwenye sukari ni mimi."