Rais Aliyejua Kifaransa

Mjukuu wangu Neema,

Sisi wa Nyamianda tunakusalimu. Mama yako amepona homa, na mimi bado ninapumua, ingawa kalamu inanichosha upesi. Umeniuliza ni mtu wa namna gani ningemchagua aongoze lile shirika kubwa la amani la dunia nzima. Ninaogopa kujibu, maana niliwahi kuchagua vibaya.

Nilikuwa mwalimu kijana, katibu wa kamati yetu ya amani. Wafugaji wa milimani na wakulima wa bondeni walikuwa wamegombana, ng'ombe walipoingia katika mihogo ya Lubarika, kijiji cha wakulima. Mama Nabintu, muuza maziwa, aliaminiwa na pande zote mbili, na wengi walimtaka awe rais wa kamati. Nikasimama, nikasema rais lazima ajue Kifaransa, apokee wageni na kuandika ripoti. Yeye hakukijua.

Alicheka. "Mwalimu, weye unatafuta mutu wa kuandika. Minye nilizani tunatafuta mutu wa kwenda Lubarika."

Watu walicheka pia, kisha wakanifuata mimi niliyesoma. Tukamchagua mwalimu mwenzangu. Ripoti zake zilikuwa nzuri sana. Lubarika hakufika hata mara moja, na yaliyotokea huko sitayaandika.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema kwamba hatukuwa na mtu wa kufaa. Si kweli, Neema, na sitaki kufa nikiwa nimekudanganya. Tulikuwa naye. Siku ileile tuliyomkataa, alibaki akatumiminia chai.

Babu yako