Mwani wa Mwamba wa Mama

Rostock, 9 Machi 2014, mwaka wa arobaini tangu niondoke kisiwani kwetu Chiloé

Ercira mdogo wangu,

Mwani mwekundu umefika. Niliupika na viazi, nikabakiza kipande nikilinganishe na kile nilichokikausha kitabuni siku niliyoondoka. Rangi ni ile ile, mikunjo ile ile, ila kwa hadubini chako ni chembamba zaidi. Heike, niliyefanya naye kazi maabara, akapima vinasaba.

"Mzee, hizi ni spishi mbili. Dada yako anachuma wapi?"

Nikakupigia simu, ukacheka. "Kaka, miaka yote unaula na kulamba vidole, leo ndiyo unauliza kabila lake?" Kisha ukakiri kwamba mwamba wa mama, tulikochuma naye utotoni, ulifukiwa na tope zamani, na mwani huu unaununua sokoni Ancud.

Sikukasirika. Ninachotamani ni kujua ule wetu ulikuwa mwani gani, maana Heike hajaona vinasaba kama vyake popote.

Ulinificha hilo kwa sababu kila mwaka niliahidi kurudi tuchume pamoja pale. Uliogopa nikijua sitakuja. Hukukosea, Ercira. Endelea kunitumia huu wa sokoni, ni mtamu. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Belarmino