Korongo wa Kilimani na Mama Robi

Jumatatu, 12 Januari
Nimepanda kilimani asubuhi. Korongo bado amelalia mayai yake kwenye majani ya kinamasi cha huku juu. Dume anazunguka na taji lake kama mwenyekiti wa kijiji. Hakuna ng'ombe aliyeingia. Mvua hakuna. Nyumbani kimya. Mke wangu, Mama Robi, yuko kwao Nyansurura, wiki ya pili sasa. Ugali nimesonga mwenyewe, mabonge matupu.

Jumatano, 14 Januari
Watu wanasema nimejitakia. Haya. Tulikubaliana kijiji kizima: korongo wakitaga, kilimani hakuchungwi wala hakuchomwi moto mpaka watotoe na kuondoka. Mimi ndiye msimamizi. Ng'ombe wa Mama Robi akakutwa huko, nikamtaja mwenyewe mkutanoni, mbele ya wote. Ndipo akaenda kwao. Ningemwacha yeye, jirani ningemshika kwa lipi? Ila ningemwambia kwanza jikoni. Hilo linaniuma.

Jumamosi, 17 Januari
Nyansurura. Nimemwamkia baba mkwe shikamoo, nikapewa kiti cha uani. Mama Robi hakutoka. Nikamsikia anakohoa ndani, moyo ukanienda mbio kama kijana. Mzee hakuzungusha maneno.
"Wafungulie ng'ombe kilima, Mwita. Siku hiyo hiyo namleta mwenyewe."
Nikaaga. Nimerudi na njaa.

Jumanne, 20 Januari
Majani ya bondeni yamekwisha. Majirani wananinunia. Namtamani mke wangu. Hata ugomvi wake nautaka.

Alhamisi, 22 Januari
Leo nimeswaga ng'ombe wangu wote hadi chini ya kilima. Hakuna mtu wa kunizuia. Majani juu kule mabichi, ng'ombe wanayaona, wanalia. Korongo naye akalia. Ni Mama Robi aliyenionyesha ndege hawa, mwaka nilipomuoa. Alinivuta mkono nisikanyage kiota. Nikimrudisha kwa kukikanyaga leo, nitamtazamaje?
Nimewarudisha. Nimelia, mtu mzima na ndevu zangu.

Ijumaa, 23 Januari
Sina la kuandika. Kitanda kikubwa mno.

Jumapili, 25 Januari
Wametotoa. Vifaranga wawili, manyoya bado mabichi. Nilitafuta wa kumwambia, nikaona ni yeye tu. Nikapiga. Akapokea. Nikamwambia wako wawili. Akauliza kama mama yao yuko nao. Nikasema yuko.
"Sijasema narudi, Baba Robi."
Nikasema najua. Hakukata simu. Na mimi sikukata. Tukakaa hivyo mpaka salio likaisha.