Kura ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo roho ilinitoka ikarudi. Nilikuwa nafagia mabanda hapa kituoni kwetu, kituo cha wanyama waliotelekezwa, mwanangu kalala kwenye beseni lake kivulini kama kawaida. Mgeni mmoja, mfadhili, akainama ambebe — bila hata kuniuliza. Shemeji akaruka hadi kwenye wavu, meno nje, ananguruma. Hakumgusa, wavu ulikuwa katikati. Lakini mgeni kaanguka chali, kiatu huko.

Shemeji ni mbwa wetu mzee wa jicho moja. Tulimwita hivyo kwa sababu hutokea chakula kikishaiva. Hajawahi kumng'ata hata paka.

Mgeni amelalamika. Kamati inakaa Jumamosi. Mbwa akiamuliwa kuwa mkali, ni sindano ya kifo. Basi.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia daktari wa wanyama, Shemeji alikuwa anamlinda mtoto. Kasema anajua, ila yeye hana kura. "Kawaambie wao, mama mtoto." Mimi? Na darasa la saba langu hili, mbele ya kamati?

Jumamosi, 8 Machi

Kituo chetu kina sharti la tangu kuanzishwa: hupigi kura juu ya mnyama ambaye hujakaa naye bandani. Unaingia peke yako, unakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpaka wenzako wakuite.

Wakaingia mmoja mmoja. Akabaki mwenyekiti. Yule mama anaogopa mbwa, sote tunajua. Kituo anakiongozea dirishani.

"Mimi nimeshamwona, inatosha."

"Dada, sharti uliliweka mwenyewe," mweka hazina akamwambia, anabana kicheko.

Akaingia, mkoba kifuani kama ngao. Nikamnong'oneza, "Mama, usimkazie macho. Mwache akunuse."

Shemeji akanusa. Akazunguka. Akajilaza, kichwa juu ya kiatu cha mwenyekiti, akaanza kukoroma.

Wakamwita. Hatoki.

"Nitatokaje? Si mnaona amelala?"

Ikabidi kamati nzima ibebe viti vyake ije kukaa nje ya banda. Nikaulizwa kama nina neno. Nikasimama, mtoto mgongoni. Nikasema, "Aliona mtu anachukua mtoto asiye wake. Hata mimi ningetoa meno."

Mweka hazina alicheka mpaka akafuta macho. Mikono ikapanda. Wa mwenyekiti ulipanda polepole — asimwamshe.

Anabaki! Kwa masharti mawili: beseni sasa likae ofisini, sawa, hata baharini nitalipeleka. Na Shemeji apate mtu wa kumchukua kabla mwezi haujaisha. Nimeshusha pumzi ya wiki nzima.

Jumapili, 9 Machi

Zamu yangu. Mtoto kashiba, kalala ofisini, mlango wazi. Nimekaa kwenye ile ile ndoo, naandika. Nani atamtaka mzee wa jicho moja? Ila leo siwazi sana. Yupo, anapumua, ananikoromea.

Geti limelia.

Ni mwenyekiti. Siku ya mapumziko! Kavaa raba. Anasema amepita tu. Nimempisha kwenye ndoo, hataki, kasimama nje ya wavu.

Kauliza kama hukoroma hivi kila siku. Kila siku, mama, nimemjibu.

"Kwangu kimya mno siku hizi." Kasema hivyo akiutazama wavu, si mimi.

Mkononi ana mkanda mpya wa shingo ya mbwa, lebo ya dukani bado inaning'inia. Nimejifanya sijauona, naandika tu. Shemeji kaamka. Mkia unapiga sakafu.

Mkono wa mwenyekiti uko kwenye komeo. Nami naweka kalamu chini —